Keki ya Kuvumilia Mwezi wa Kumi

Tulifunga ndoa mwezi wa kumi, na kosa si langu. Mume wangu alipewa likizo mwezi huo tu, na padri wa parokia yetu alikuwa amebakiwa na Jumamosi moja. Anayeishi Lubumbashi anajua mwezi wa kumi ulivyo. Mvua bado, mabati yanawaka, vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya kabati, na umeme unakatika bila kuaga. Wenye akili zao huoana mwezi wa sita, wakati wa baridi, siagi inapokaa ngumu mezani hadi saa sita mchana.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, hakujali mwezi wala jua. Tangu siku ya mahari alikuwa na keki yake kichwani: ghorofa tatu, krimu nyeupe juu mpaka chini, na maua ya krimu pembeni. Kwao ni mtaa wa Makomeno, wana jenereta na friji mbili, kwa hiyo joto wanalisikia kwa jirani. Alinionyesha picha kwenye simu yake mara nyingi hadi nikaanza kuichukia keki ambayo haijaokwa.

Mimi nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, nao ni mama yangu.

Mama ni Muluba wa kaskazini. Babu aliletwa huku na kazi ya reli, na mama amezaliwa mjini, anasali misa ya asubuhi, anatumia simu kuliko mimi. Lakini heshima ya mkwe hajaiacha. Kwa desturi yake, mama hali mbele ya mume wa binti yake, wala hasemi naye moja kwa moja, mpaka siku mkwe atakapomletea kuku na kitambaa cha kuondoa mwiko huo. Mchumba wangu alipokuwa akija kwetu Hewa Bora, walikaa sebule moja, hatua tatu kati yao, na mimi katikati kama mkalimani.

"Umuulize kama atakunywa chai," mama aliniambia, akitazama ukuta.

"Mama anauliza kama utakunywa chai."

"Umuambie mama ndiyo, merci sana."

"Anasema ndiyo, merci sana."

Wote wawili walikuwa wameshasikia. Chai ilipoa huku nikifanya kazi hiyo.

Sasa, kwenye sherehe zetu, keki ikishakatwa, bibi harusi anachukua sahani, anapiga magoti mbele ya mzazi wake na kumpa kipande. Mzazi anaonja palepale, vigelegele vinapigwa. Mama yangu asingeonja. Bwana harusi angekuwa amesimama pembeni yangu, na yeye angefunga kipande chake kwenye kitambaa cha karatasi, akitie kwenye mkoba, akakile kesho yake nyumbani, mlango umefungwa. Kwa hiyo keki yangu haikutakiwa kupendeza ukumbini tu. Ilitakiwa kukaa kwenye mkoba jioni nzima, kusafiri hadi Hewa Bora, kulala katika nyumba isiyo na umeme, na kuamka salama. Baba alikuwa amefariki. Nilikuwa na mzazi mmoja wa kumpelekea sahani, na nilitaka ale keki ya ndoa yangu, si uji wa krimu.

Nilimwendea mama mmoja muoka keki kule Kenya, si nchi, ni mtaa wa hapahapa Lubumbashi, nyuma ya soko, kati ya fundi wa milango ya chuma na kanisa lenye ngoma kubwa kuliko waumini. Huyu hakuwa na picha za kuonyesha. Aliniuliza maswali mawili tu: ndoa ni mwezi gani, na keki italala wapi. Nilipomweleza habari ya mama, hakucheka. Alikata vipande vitatu, akavitia katika kopo la plastiki lenye kifuniko.

"Usikule leo," aliniambia. "Panda manseba, enda nayo kwenu, ilale. Kesho saa sita njo utafungua. Ile yenye itabakia muzuri, ile njo gato ya hii saison."

Gato kwetu ni keki, njo ni ndiyo, na manseba ndilo jina letu la teksi za pikipiki. Yule niliyempanda hakuruka shimo hata moja, yote aliyapitia katikati, na mimi nyuma nimekumbatia kopo. Kesho yake saa sita nikamwita mchumba wangu tufungue pamoja. Kipande cha krimu kilikuwa kimeshuka chote chini, kimebaki kitu cha manjano kinachonuka maziwa yaliyochacha. Cha chokoleti kilikuwa kinaliwa kwa kijiko, na mchumba wangu alikila kwa kijiko, akasema vyote ni vizuri. Ndivyo alivyo, anatafuta amani hata na keki. Cha tatu, cha limau na zabibu kavu, kilichofunikwa sukari ngumu nyeupe, kilikuwa kimekaa vilevile. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi.

Wifi hakupiga makofi.

"Gato bila crème?" alisema. "Mais ile njo gato ya kilio! Bantu batasema nini? Batasema tulikosa."

"Batasema joto iko mingi," nilimjibu. "Na itakuwa kweli."

"Mama yako ule, hatutamuwekea yake ku frigo?"

"Frigo ya kwetu iko kabati, courant haiko."

Alinuna wiki mbili. Mimi nami si mtu wa kuinama haraka, nilinuna wiki mbili na siku moja, nimshinde. Mchumba wangu alizunguka kati yetu akichekacheka, na mwishowe keki ikawa ya limau. Miezi miwili mizima nilihangaika na hiyo keki. Nilimuuliza muoka keki, nilimuuliza wifi, nilimuuliza hata dereva wa manseba. Mama sikumuuliza. Kwetu mzazi haulizwi anataka keki gani, analetewa.

Siku yenyewe jua lilipiga kama lilivyoahidi. Ukumbini feni moja ilikuwa inazunguka na ya pili inatazama. Bwana harusi alilowa koti lote, shada langu la maua lilikata tamaa kabla ya soda kugawiwa, lakini keki ilisimama wima, nyeupe, haitoi hata jasho. Nilimtazama wifi. Alijifanya anatengeneza hereni.

Tulikata. Nikachukua sahani, nikapiga magoti mbele ya mama. Mume wangu akapiga magoti pembeni yangu, na mama papo hapo akageuza uso upande wa pili.

"Mama, hii haiwezi kuharibika," nilimnong'oneza, nikiwa na fahari yangu yote. "Utaifunga, utakula kesho ku nyumba, polepole."

Alikitazama kile kipande. Kisha akanitazama mimi, na macho yake yakajaa.

"Kesho?" alisema. "Miye nilikuzala, na gato yako nikule kesho, peke yangu?"

Akawageukia dada zake wawili waliokaa nyuma yake. "Mufungue bitenge. Munifunike."

Mama wadogo walisimama. Kila mmoja alifungua kitenge chake cha juu, wakavishika ncha, wakazungusha ukuta wa nguo kumzunguka mama pale kwenye kiti.  Sisi wawili tulibaki tumepiga magoti mbele ya maua ya kitenge, tukisikiliza uma ukigonga sahani. Vigelegele vilipolipuka nadhani walivisikia hadi mtaa wa Kampemba. Nilianza kulia, na sikujaribu kujizuia.

Kisha, kuku wa kuondoa mwiko akiwa bado hajaletwa, sauti ya mama ikatoka ndani ya nguo, na haikuwa inanitafuta mimi.

"Weye, mukwe."

Mume wangu alishtuka, akanitazama kama mtu aliyeitwa na polisi. Nilifungua mdomo nimsaidie kujibu, kwa mazoea.

"Ndiyo, mama," alijibu mwenyewe.

"Gato iko muzuri. Lakini crème iko wapi?"

Nyuma yangu nilimsikia wifi akicheka mpaka akakohoa.

"Mama, binti yako njo alikatala."

"Nilijua. Eko kichwa nguvu, ule. Utanileteya yenye crème?"

"Nitakuleteya, mama."

"Basi ungojee mwezi wa sita. Mu hii joto, crème haibakie."

"Ndiyo, mama."

Uma ukagonga tena. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza, na mimi nilikuwa palepale kati yao, magoti yananiuma, na hakuna aliyenihitaji kutafsiri.