Makaburi Niliyoyaona Nikanyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Buffalo, Marekani, nilipewa koleo, mwiko wa mwashi na kitambaa kinene cha kupigia magoti, nikaambiwa nichimbe taratibu. Nilidhani nataniwa. Mimi ni mtu wa milima ya Kivu ya Kusini. Nimechimba viazi, nimechimba misingi, nimechimba makaburi, na hakuna aliyewahi kuniambia nichimbe taratibu. Tulikuwa mtaa wa Kensington-Bailey, nyuma ya nyumba iliyobomolewa ili pajengwe jengo jipya, na baridi ilikuwa inang'ata masikio. Msimamizi wa uwanja, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kamanda, alinitazama nikirusha udongo kama ninayefukuzwa.

"Unachimba kwenda wapi?" akauliza.

"Chini," nikajibu kwa Kiingereza changu cha miezi minne.

"Hapana. Hapa tunachimba kurudi nyuma, kwa wale waliokaa hapa kabla yetu. Ukikimbia utawapita."

Ninyi vijana wa ghalani, mnaosukuma maboksi usiku na mchana, mmeniuliza mara nyingi baada ya ibada kazi yangu ilikuwa ipi hasa. Watoto wangu waliwaambia wenzao shuleni kwamba baba yao anatafuta mifupa. Waongo wakubwa. Nilitafuta madoa. Katika nchi hii, kabla ya miradi mingine kujengwa, ardhi hukaguliwa kwanza kama kuna mabaki ya watu wa zamani. Mnapiga mstari, kila hatua kadhaa mnachimba shimo dogo la jaribio, udongo wake mnautikisa kwenye chekeche mpaka kibaki kile kisichopita: kifungo, kipande cha sahani, msumari. Nguzo ya nyumba ikioza ardhini huacha doa jeusi la duara, na hilo tuliliita shimo la nguzo. Mimi niliyekuja kutafuta mkate nikawa msomaji wa madoa.

Amri ya kwanza ilikuwa moja: ukiona, onyesha. Unachomeka kibendera, unanyoosha kidole, unaita. Amri hiyo ilinisumbua tangu mwanzo, kwa sababu mama yangu alitufundisha kwamba kaburi halionyeshwi kwa kidole. Ukionyesha, unakunja kidole na kukiuma haraka, la sivyo kitaoza. Nilipomweleza msimamizi alicheka, akasema nitumie mwiko kuonyeshea. Basi nikatumia mwiko.

Kutoka Buffalo nilihamishiwa Columbus, nikakaa miaka minne chini ya mkuu wa kikosi mmoja mnene, mpenda kahawa, aliyeniita "Profesa" kwa dhihaka. Dhihaka yake iliisha siku tuliyokuta mashimo madogo ya nguzo, yamepangwa duara kando ya msingi wa nyumba ya wakulima wa zamani. Wenye digrii walisema ni kibanda cha kukaushia nyama. Nikasema hapana, hapa walilala ndama. Kwetu ndama hulala karibu na mlango ili wasilie mbali na mama mwenye nyumba. Walipeleka udongo kupimwa, ukarudi umejaa samadi ya ng'ombe.

"Profesa," mkuu akaniambia, na safari hii hakucheka, "wewe unaona nyumba pale sisi tunapoona matope."

Nalieleza hili si kwa kujisifu. Nataka mjue kwamba macho nilikuwa nayo, ili kinachofuata msije mkakisingizia upofu.

Nilihamia Louisville kuwafuata ndugu. Kule mtaa wa South End wengi wetu tulikuwa tumeshapata kazi za viwandani, na mimi nikaajiriwa na kampuni ndogo ya uchunguzi wa ardhi. Mkuu wa uchunguzi alikuwa mwanamke tuliyemwita Daktari, mkali, asiyependa maneno mengi. Nje ya mji palitakiwa kujengwa ghala kubwa, na katapila lilipoondoa udongo wa juu, kwa ndoo yake isiyo na meno ili isikwaruze, kijiji kizima kilijitokeza. Mashimo ya nguzo ya vibanda vinane. Meko yenye majivu bado. Kisima. Vifungo vya mifupa, soli ya kiatu cha mtoto. Daktari alitueleza kwamba waliokaa pale walikuwa watumwa wa shamba, na walipopata uhuru walibaki wakilima palepale kwa vizazi viwili, hadi walipofukuzwa.

"Watu waliishi hapa," akasema, "basi walikufa hapa. Makaburi yako wapi?"

Hakuna aliyejua. Tuligawanywa wawili wawili tukague kingo za uwanja kabla ya kufyeka. Mimi nilipewa Shadraki, kijana wa kanisani kwetu, mmoja wa watu kumi na wawili niliowaombea kazi pale mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Asubuhi hiyohiyo meneja wa ujenzi alikuwa ametukusanya, uso mwekundu, akasema kikionekana kitu kikubwa tena atafunga uwanja, na wafyekaji wote na wabebaji watarudi nyumbani.

Kwenye kona ya mbali palikuwa na mwerezi mmoja mzee. Chini yake yametambaa majani ya kijani yasiyokufa wakati wa baridi, yenye maua ya buluu, na humo ardhi imebonyea mahali pengi, mabonyeo mafupi yaliyopangwa mstari. Kwetu pia kaburi la mtoto halikuwekwa jiwe. Lilipandwa mmea usiokufa. Nilijua kabla mguu haujatua.

Shadraki alinyoosha mkono. "Muzee, angalia. Ile haiko kaburi?"

"Kunja kidole yako."

"Bon, nakunja. Lakini njo kaburi, muzee. Ya batoto. Angalia vile iko fupi."

"Hatukuona kitu, Shadraki."

"Donc tunaandika nini?"

"Andika hakuna kitu. Ama unataka batu yote ya kanisa barudi ku nyumba leo?"

Shadraki akaandika. Nami nikatia sahihi. Moyoni nilijitetea kwa mafundisho ya mama yangu, kwamba kaburi halionyeshwi. Uongo mtupu. Mwiko ulikuwa mfukoni mwangu, na nilikuwa nimeutumia kuonyeshea kwa miaka kumi. Niliogopa kuonekana kanisani kuwa mtu aliyewapa watu kazi na kuwanyang'anya. Nikamtanguliza marehemu mama yangu mbele kama ngao, na hilo nalo linaniuma.

Siku tatu baadaye mwerezi ulikatwa. Kona ile ilikuwa imeandikwa haina kitu, kwa hiyo katapila lilikwenda na ndoo yenye meno. Dereva ndiye aliyesimama mwenyewe. Alishuka, akavua kofia, akabaki ameishika. Kwenye lundo la udongo palikuwa na misumari midogo ya jeneza, na meno. Meno ya maziwa, vijana wangu, yale ambayo mtoto huyang'oa akicheka.

Makaburi yalikuwa kumi na moja. Saba hatukuweza tena kutenganisha nani ni nani. Daktari alipiga magoti siku nzima bila kula. Jioni akaniita.

"Wewe ndiye uliyekagua hapa?"

"Ndiyo."

"Hukuona dalili yoyote?"

"Sikuona."

Akaniwekea mkono begani, akasema, "Basi hakuna ambaye angeona." Angenitukana ningepona mapema.

Na uwanja ulifungwa vilevile. Watu wangu kumi na wawili walirudi nyumbani vilevile. Shadraki alihamia Columbus, na tangu hapo akinipigia simu ni kwa salamu za sikukuu tu.

Wiki iliyofuata alikuja bibi mmoja Mmarekani mweusi, amevaa nguo za kanisani, akiegemea fimbo. Bibi yake mzaa mama alizaliwa katika vibanda vile, na alimwachia habari kwamba wadogo zake wamelala chini ya mwerezi, maua ya buluu yakiwafunika. Alikuwa ametafuta mwerezi huo tangu ujana wake. Daktari akanisukumia mimi.

"Bwana," bibi akaniambia, "nionyeshe tu walipokuwa."

Nilinyoosha kidole, mkono wote, mbele ya watu wote. Sikuwa na mahali pa kukielekeza isipokuwa lundo la udongo. Alisimama hapo akaimba kwa sauti ndogo, akanishukuru, akaondoka. Mifupa ya wale saba ilizikwa pamoja katika sanduku moja.

Nimestaafu sasa mwaka wa tatu. Magoti yamekwisha, na nakaa kwenye kiti dirishani South End nikihesabu mabasi. Nilimwandikia Daktari ukweli wote baada ya kustaafu, baada, angalieni ushujaa wangu. Alijibu mstari mmoja: "Kwa nini hukuniita?" Sijamjibu. Haya mnayosoma ndiyo jibu langu kwake, na kwa yule bibi kama bado yuko hai.

Lipo moja limebaki. Tulipokimbia vita tulimzika mtoto wetu wa kwanza njiani, juu ya mgongo wa mlima, na mke wangu akapanda mmea usiokufa pale kwa mikono yake. Mke wangu sasa amelala hapa Louisville, chini ya jiwe lenye jina. Mwezi uliopita mtoto wa mdogo wangu alinipigia kutoka kwetu, kusema wanapasua barabara kwenye mgongo uleule. Nikamwomba aende akawaambie wasimame. Alikwenda, akanipigia akiwa palepale, nikasikia mashine nyuma ya sauti yake.

"Papa mukubwa, niko hapa. Batu ya mashine banauliza: iko wapi?"

"Iko majani, haikufaka ata wakati ya jua. Chini ya ile mawe mbili."

"Majani iko mingi. Mawe balishatosha, balishaisukuma chini. Unionyeshe, papa mukubwa. Iko wapi?"

Nilisimama dirishani, simu sikioni, nikanyoosha kidole.