Koti la Mwisho la Ndege ya Latifu

Mimi Kaltumu nawaambia mapema: Latifu nampenda, lakini kichwa chake kigumu kama jiwe la kusagia. Kazi yake ni kupaka rangi malori hapa Arua, na kibanda chake kinatazamana na meza yangu ya chapati. Hajui kupaka kidogo. Lori la Koboko, husema, likikosa makoti mazito ya rangi, changarawe zitalivua nguo njiani.

Kilichomtia wazimu ni Ruqaiya, binti wa kaka yangu Sulaiti wa Koboko. Huyo msichana hata nyani wa mashamba ya Dranya wanamjua kwa mawe anayowatupia. Latifu alikwenda kuposa na wajomba zake, na kwapani, jamani, amebana boksi alilonunua asubuhi ileile kwenye mitumba: ndege ya kuchezea ya kuunga mwenyewe, ya mbao za balsa, nyepesi kuliko maganda ya vitunguu. Kaka yangu alicheka mpaka kofia ikadondoka.

"Wewe iko mwanaume ama iko mtoto?" akauliza mbele ya wazee. "Sawa. Hii ndege ikivuka ile ukuta yangu, binti ni yako. Isipovuka, nisikuone tena hapa!"

Basi Latifu akaiunga, akaitundika kwenye kamba yangu ya nguo. Kamba haikujua hata kama imebeba kitu. Nikamwambia, "Pulizia rangi kidogo tu, uache." Thubutu! Akapaka puti, akapiga msasa. Akapaka rangi ya chini, akapiga msasa tena. Ikaja bluu, ikaja vanishi. Kila akimaliza anarudi nyuma, anainamisha kichwa.

"Shangazi, bado koti moja tu. La mwisho."

"La mwisho si lilikuwa jana?"

"Lile lilikuwa la mwisho la chini."

Mkiani akaandika HASIDI HANA SABABU, kama anavyoandika kwenye malori. Kamba ikalegea mpaka shuka zangu zikaburura vumbi. Nilimtukana, lakini moyoni niliogopa, maana Ruqaiya alikuwa amenipigia simu akilia. Baba yake alishaongea na mfanyabiashara mmoja wa simsim, ule ufuta, mzee mwenye meno ya kuhesabika. "Shangazi, mwambie Latifu hiyo ndege ivuke," alisema. Nilimwambia. Akapaka koti jingine ili ipendeze.

Siku ikafika. Wazee wamekaa uani kwa Sulaiti, mimi nimeshika tasbihi. Latifu akazungusha pangaboi la mbele mpaka mpira wake ukakaza, akaiachia ndege yake. Wallahi, kunguru mgonjwa ana nafuu! Ikaanguka puu, miguuni pa kaka yangu.

"Imekwisha," Sulaiti akasema. "Kwenda."

Latifu akasimama pale, machozi yanamlengalenga. Mimi nililia kabisa, sitawaficha.

Hapo Ruqaiya akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Akaiokota ndege, akaipima uzito kiganjani, akatazama ukuta. Kisha akajipinda akaivurumisha. Ikapita juu ya kofia za wazee, ikapita juu ya ukuta, ikatua paa! kwenye mabati ya jirani.



"Ulisema ivuke, baba," Ruqaiya akasema. "Hukusema iruke."

Mzee Swaibu, mkubwa wa wote pale, alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Sulaiti, neno lilitoka kwako mwenyewe. Sote tulisikia."

"Ingekuwa nyepesi," Ruqaiya akaninong'oneza, "isingefika hata mlangoni."

Na Latifu yuko wapi? Ameshatoka mbio, tunamsikia nyuma ya ukuta anapiga kelele, "Shangazi! Rangi haijabanduka hata kidogo!"

Ruqaiya akakung'uta unga mikononi.

"Mwambieni huyo aingie ndani," akasema. "Nimeshamposa."