Swali la fundi lililomponza mchapaji

Saa tatu asubuhi, fundi wa kompyuta ameinamia mashine iliyofunguliwa, miwani kwenye ncha ya pua. Mteja wake, mama mwenye duka la dawa, anaonyesha boksi la ubao mama wenye taa za rangi, wifi ya ndani na matundu ya ziada ya kuchomekea vifaa.

"Ya nini?" fundi anamuuliza, nyusi juu, akitabasamu.

Mama anacheka, anafikiri kidogo, kisha anachagua ule wa kawaida. Kompyuta yake ni ya kuandikia orodha ya dawa tu, na waya wa intaneti umeshafika mezani.

Ubao mama ndio unaobeba na kuunganisha vifaa vyote vya kompyuta. Wenye mbwembwe bei yake hukaribia mara mbili ya ule wa kawaida, na kwa makadirio ya fundi huyu, wateja sita katika kumi hulipia vitu wasivyokuja kuvigusa. Kwa miaka kumi na mitatu amewazuia kwa maneno hayo mawili, hadi mtaa ukamsahau jina na kumwita Ya Nini. Jirani anayeuza vifaa hivyo vya bei amemnunia, lakini fundi wala hana habari naye.

Lakini yupo mtu aliyeponzwa na swali hilo, na fundi mwenyewe hafichi.

Mwaka jana alikuja mchapaji mmoja, kiziwi, anayechapa mitihani ya shule na kutengeneza mashine zake mwenyewe. Alionyesha ubao wenye taa. Fundi, akiwa na kazi nyingi, aliandika kwenye karatasi "Ya nini?", akaisukuma mbele yake na kuinamia kazi tena.

Kwake lilikuwa swali la kweli. Karatasini, bila zile nyusi na tabasamu, lilibaki kavu, na mchapaji alilisoma kama ambavyo yeyote angelisoma: achana nazo, hazina maana. Akaona fundi anajua zaidi, akalipia ule wa kawaida, akaenda zake.

Wiki ya mitihani mashine ikagoma. Ubao ule hutaja hitilafu kwa mlio, nao ulilia siku mbili nzima katika chumba cha mtu asiyesikia. Mchapaji alibadilisha waya, akahamisha soketi, wapi. Shule ikapeleka kazi kwingine.

Alipoileta mashine karakana, fundi aliiwasha, akasikia milio mitatu mifupi. Kijiti cha kumbukumbu, yaani RAM, kilikuwa kimelegea. Alikikandamiza kwa kidole gumba, mashine ikawaka. Haikufika hata dakika moja.

"Nilitaka kushangilia, halafu nikamtazama usoni," anasema. "Hakujua nimesikia nini. Ubao alioutaka una taa ndogo pembeni ambazo zingemwonyesha palipoharibika. Mimi nilidhani anataka mapambo. Niliona aibu, sikufichi."

Siku hiyohiyo alimfungia ubao wenye taa bila malipo na kumwandikia kuomba radhi. Mchapaji alisoma, akachukua kalamu, akaandika chini yake: "Mashine imepona. Shule je?"

Fundi akafunga karakana. Waliongozana hadi kwa mwalimu mkuu, akaeleza kwamba kosa lilikuwa lake. Mwalimu mkuu aliwapokea vizuri, ila akasema kazi ya muhula ule ilishatolewa. Muhula utakaofuata wangemjaribu tena.

Jaribio lenyewe ni wiki hii. Mchapaji ameanza kuchapa tangu Jumatatu, na Ijumaa shule itaamua kama itamrudishia kazi yote.

Tangu wakati huo fundi hujifunza lugha ya alama kwa mke wa mchapaji, mara mbili kwa wiki. Anakiri vidole vyake ni vizito, na shemeji, kama anavyomwita, humcheka mpaka machozi yanamtoka. Anataka ifike siku kiziwi yeyote aingie karakana yake na kueleza shida yake bila karatasi.

"Watu husema yeye ndiye asiyesikia," anasema. "Siku ile asiyesikia nilikuwa mimi. Ijumaa nafunga mapema, nikasubiri naye pale shuleni."