Swali la Mama Mkwe Kuhusu Dawa ya Mbu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kule chini Mbeere nilikoolewa. Malaria ilikuwa imenichukulia mtoto wa kwanza, na wa pili, Ireri, ndiyo kwanza alikuwa ametoka zahanati alikolazwa kwa homa. Ile dawa ya zamani tuliyopuliziwa nyumbani mbu walikuwa wameizoea. Walikaa ukutani wakitutazama tu.

Basi wakaja watu wa utafiti na dawa mpya. Mkubwa wao, bwana mmoja wa suti, alitukusanya uwanja wa kanisa akasema, "Haina madhara yoyote. Nyinyi fungueni milango tu."

Watu wakanong'ona. Huyu anasema inazuia wanawake kuzaa, yule anasema tumefanywa panya wa maabara. Mama mkwe wangu, Ciarunji, hakunong'ona. Alirudi nyumbani akaketi mlangoni, na hakuna aliyeingia. Mimi nililia kule ndani. Niliitaka dawa ile hata kama ni sumu.

Kesho yake akaja mmoja wa wale watu wa utafiti, kijana kutoka Nkubu, Mutwiri, bomba la dawa mgongoni.

"Hii kitu mnaijua, ama bado mnaijaribu?" Mama akamuuliza.

"Bado tunajaribu, cucu," akajibu, akimwita bibi. "Kwa maabara inaua mbu. Kwa ukuta wa udongo hatujui itakaa muda gani."

"Na nyuki?"

Mzee wetu, baba mkwe, alikuwa na mizinga nyuma ya nyumba, na asali ndiyo ilitulisha kiangazi. Mutwiri akamtupia jicho mkubwa wake, yule wa suti, aliyesimama kando ya gari lao. Kisha akasema polepole, "Ikiwafikia, itawaua."

Mama akasogeza kiti. "Sasa na wewe tunaweza kuongea."

Mizinga ikahamishwa ng'ambo ya korongo kwanza, ndipo kuta zikapuliziwa. Maji ya kuoshea bomba Mama alitaka yamwagwe shimoni, mbali na mto, na alisimama hapo akiangalia. Baadaye Mutwiri aliwafungia mbu ndani ya kikombe, mdomo wa kikombe ukiwa umebanwa ukutani, tukawaona wakianguka chali. Nikapiga vigelegele. Mama hakucheka. Aliwaita warudie jaribio hilo kila baada ya wiki chache, mpaka mbu wakaanza kutoka kikombeni wazima.

"Imeisha nguvu. Andikeni hivyo."

Bwana wa suti hakupenda. Mutwiri aliandika. Dawa ikarudishwa maabara kurekebishwa, na Ireri wangu alikuwa ameuvuka msimu wa mvua bila homa.

Mwanangu, wewe unasomea mambo haya haya huko chuoni Nchiru. Karibuni utabisha hodi kwa watu na dawa yako. Wakikutilia shaka, usiwaite wajinga. Wengine wao wamezika watoto. Waambie usilolijua kabla hawajakuuliza. Na wewe ukiambiwa kitu hakina madhara yoyote, kaa mlangoni uulize. Ukijibiwa ukweli, fungua.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usioogopa wakubwa. Watoto wako walale salama, na wa jirani pia.