Mjomba alitaka kambare, mto ukatoa chaa: nusura posa yangu ife

Wakuu, salaam zenu nyote, wa bara na sisi wa pwani.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Utange, sikuhadithiwa. Chumvi sitii. Iliyomo humu ni ya mto, mtaiona mbele.

Kwetu kuna mila, ya ukoo wetu tu, msije mkawasingizia Wagiriama wote. Mwanamume akitaka kuoa binti yetu, kwanza avue kambare kwa mkono wake kwenye kijito kilicho chini ya shamba la marehemu babu. Kambare anapikwa, wazee wanakula, ndipo posa inazungumzwa. Babu alisema asiyeweza kumngoja samaki hatamweza mke aliyenuna.

Mchumba wangu ni Wafula, mtu wa Bungoma, yuko godauni moja huko Changamwe. Mpole, mvumilivu. Mimi je? Mimi nguo ilishakuwa kwa fundi.

Wafula akashuka mtoni wikendi ya kwanza, akarudi na chaa. Kwa msiomjua, chaa ni samaki mdogo mweupe wa maji ya chumvi. Wikendi ya pili, chaa tena.

Mjomba Katana, kaka yake mama, ndiye mwenye kauli kwetu. Akawatazama wale samaki, akamtazama Wafula.

"Mwanangu, hawa ni wa baharini. Umewanunua sokoni Kongowea."

Wafula akaapa mpaka sauti ikamkauka. Mjomba akasema mwongo hampi binti, posa ikafungwa papo hapo.

Nililia, wakuu. Kisha nikapandwa na hasira, nikamwuliza mjomba mara ya mwisho kushuka mtoni ilikuwa lini. Akanambia nisimvunjie heshima. Hapo nikajua ni zamani sana.

Basi akaamua kwenda kutuonyesha wanaume huvuaje. Kavaa kofia yake ya kanisani, na nyungunyungu kachimba mwenyewe. Wafula alibeba ndoo kubwa, kwa adabu tu.

Tulipofika, mjomba akasimama. Kidimbwi alichoogelea utotoni kimejaa matope, na mikoko imeota palipokuwa na mpunga. Akasema tumepotea njia. Nikamwonyesha jiwe la bibi la kufulia, akalikalia na kutupa ndoana.

Niwaeleze kidogo hapa. Kijito hiki zamani kilitiririka mwaka mzima. Siku hizi huko juu maji yanakingwa na kuvutwa kwa pampu, na mvua ikija inakuja kwa fujo, inamwaga udongo na kwenda zake. Mto ukikosa nguvu, bahari inapanda. Kambare hawezi chumvi, wala hana pa kuzalia vidimbwi vikifukiwa. Chaa naye akaona nyumba haina mtu, akaingia.

Mjomba alikaa hapo mpaka jua la utosi. Alichopata ni kaa, na kusema kweli kaa ndiye aliyempata yeye, kidoleni.

Wafula akamwambia taratibu, "Mjomba, hebu onja maji."

Akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Nilikuwa tayari kucheka, ila nikamwona macho.

"Tulikuwa tukiyanywa haya," akasema.

Nikamshika mkono, nikaona uchungu ambao sikuutarajia. Mara ndoana ikavutwa. Chaa.

Mjomba akamchomoa polepole, akamtia kwenye ile ndoo, akageuka.

"Wafula, nilikuita mwongo. Nisamehe, mwanangu."

Siku ya posa wazee wa Bungoma walikuja wamejiandaa, maana walishaahidiwa kambare. Kila mmoja akawekewa chaa mmoja, amekaa peke yake kwenye sahani. Mzee mmoja akauliza kambare wenyewe wako wapi.

"Kambare ametuhama," mjomba akajibu. "Huyu ametoka mbali, amekuja mwenyewe, nasi tumempokea." Na alikuwa akimtazama Wafula.

Mimi nimejifunza hivi: kabla hujamwita mtu mwongo, shuka mtoni kwanza. Mila tumeibakiza, jina la samaki ndilo tumebadilisha.

Haya, nanyi semeni, mto wa kwenu bado unatoa samaki wale wale wa babu zenu? Na anayetaka kuuliza kama ile nguo ilinitosha, ilitosha. Kidogo tu ilinibana, kwa sababu ya ugali wa Bungoma.