Sindano za Kupunguza Mwili

Nilikuwa nauza vitenge sokoni Mulongwe nilipoanza kujidunga sindano za kupunguza mwili, nilizouziwa na mwenye farmasi wa mtaani. Mwezi wa pili tumbo liligoma. Nilitapika hata maji, nikalazwa, na daktari akaandika kwamba dawa ile ndiyo iliyonidhuru. Nilipopona nilimshitaki mwenye farmasi kwa kutonionya.

Mahakamani, avoka wake, wakili wa kumtetea, alisema kwa Kifaransa kwamba onyo lilikuwa kwenye karatasi ndani ya boksi. Nikamwomba hakimu ruhusa ya kusema.

"Muheshimiwa juge, minye sisomi Kifaransa. Mwenye farmasi mwenyewe atusomee hiyo karatasi kwa Kiswahili."

Mwenye farmasi akasoma polepole: kutapika, tumbo kufunga, na yakitokea hayo, kuacha dawa mara moja.

"Ulimwambia haya?" juge akamuuliza.

"Hapana. Hata minye ni mara ya kwanza kuyasoma."

Watu waliangua kicheko. Nilishinda: aliamriwa kugharamia matibabu yangu, na kumweleza kila mnunuzi madhara kwa Kiswahili. Dada zangu walipiga vigelegele hadi barabarani. Mchana ule nilikula ugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sahani nzima, na tumbo likapokea.