Kiungulia cha Kuazima

Tulikuwa na mimba pamoja, mimi na mke wa shemeji yangu, boma moja huko Mbooni, mama mkwe mmoja. Yeye bwana yake yuko Mombasa, anamtumia vitu. Wangu yuko hapo mlangoni, ananituma maji.

Mwenzangu akashikwa na kiungulia. Wamama wakasema huyo mtoto ana nywele nyingi, ndio zinamchoma mama kifuani. Halafu ikaja kopo kutoka Mombasa: tembe nyeupe za kutafuna, tamu kama peremende. Anatafuna, kok, kok, akiniangalia. Mimi sina nywele tumboni, sina kopo. Nina vidonge vya kliniki tu, kwa sababu sista aliniambia damu yangu ni kidogo na siku za kuzaa ziko karibu.

Wivu ukanishika mpaka nikashika kifua.

"Uui! Inachoma!"

Mwenzangu ana roho nzuri, na hiyo nayo iliniudhi. Akanimwagia nusu ya kopo. Tangu siku hiyo nameza kidonge cha damu, natafuna nyeupe mbili juu yake, kama chai na mandazi.

Kurudi kliniki na mama mkwe, sista akanivuta jicho chini.

"Mama, vidonge unapea kuku? Damu haijapanda hata kidogo. Ukizaa hivi, utatuachia mtoto. Unakunywa dawa gani ingine?"

Nikafungua leso, nikamwonyesha.

"Hii inazuia ile ya damu! Ukichanganya, ni kama hujameza. Mwenye kutumia zote aachanishe, masaa mawili katikati. Na nani alikuambia uchukue ya mtu na una mimba? Hicho kiungulia kinakusumbua lini?"

Nikaanza kufunga leso yangu. Mama mkwe ndiye alijibu.

"Sista, huyu hana kiungulia. Huyu ana wivu."

Kliniki nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini?

Njiani roho iliniambia nisimwambie mwenzangu hayo masaa mawili, na yeye pia alikuwa na vidonge vya damu. Nilifika nikamwambia, lakini nimenuna. Nikamrudishia tembe zake, nikabaki na vidonge vyangu vya damu.

Damu ikapanda. Nikazaa msichana mzima, sauti kama ya jogoo, kichwa upara kama yai. Wa mwenzangu akaja na nywele za kusukwa siku hiyo hiyo.

Nilimpongeza kwa mdomo. Roho ilikuwa inahesabu nywele.